Axiom Verge 2: kwa nini waliocheza hawaelewani, na we ununue au uache

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa swali, maana kiukweli hili ni swali ambalo nalipenda na watu wengi huwa wanaliuliza nusunusu.

Ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wengine wanaosoma waelewe. Umesema umemaliza Axiom Verge ya kwanza kwenye laptop, umeipenda vibaya mno hasa bunduki na mabosi, yaani wale maadui wakubwa, sasa unataka ya pili lakini kila ukisoma maoni ya waliocheza unachanganyikiwa, mmoja anasema ni bora kuliko ya kwanza, wa pili anasema imeharibiwa kabisa, na hela ya kununulia gemu sio ya kuchezea. Unauliza inawezekanaje watu wacheze kitu kimoja waone vitu viwili, na mwisho wa siku ununue au uache.

Nianze na la mwisho nisikuweke roho juu. Kwa jinsi ulivojieleza, usiinunue kwa bei kamili. Ilitoka kwa dola 19.99 na gemu za namna hii hushuka bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, we subiri ishuke. Lakini usiiache, na hapo ndo naomba univumilie nieleze, kwa sababu mi naipenda sana hii gemu na naona wengi wanaoisema vibaya wanasema ukweli, na wanaoisifia nao wanasema ukweli, ila wanaongelea sehemu tofauti za ile ya kwanza.

Tuanzie huko kwa ya kwanza. Axiom Verge ilitengenezwa na mtu mmoja, Thomas Happ, Mmarekani, alianza 2010 akiwa bado ameajiriwa kwenye kampuni ya gemu, kwa hiyo mwanzoni kazi yenyewe aliifanya usiku na wikiendi, na yote ikamchukua karibu miaka mitano. Michoro yake, muziki wake, programu kaandika yeye, kila kitu. Ikatoka Machi 2015 kwenye PS4 halafu Mei mwaka huohuo ikaja kwenye kompyuta. Watu walipoiona walisema hii ni Metroid, ile gemu ya 1986, na kweli ukoo ni uleule, ramani moja kubwa iliyofungamana, unapata kifaa kipya unarudi nyuma kwenye mlango uliokushinda, na ndani yake kuna harufu ya Contra pia, hasa kwenye kupiga risasi. Contra huku kwetu haihitaji utambulisho, wengi tuliijua kupitia zile mashine za kaseti za njano.

Na kama ulizicheza zile kaseti basi unakumbuka kitu kimoja, kaseti ikiwa na vumbi picha inavurugika, vipande vya ukuta vinatokea angani, Mario anakuwa namba na michirizi, unaitoa unaipuliza unairudisha. Sasa Happ alichukua ule uharibifu akaufanya silaha. Ule mwale wa kuvuruga ambao Trace, yule muhusika unayemchezesha, anaupata, ukimpiga nao adui pikseli zake, yaani vile vidoti vya picha, zinachanganyika na tabia yake inabadilika, mwingine analegea, mwingine anakuwa msaada kwako, na kuna kuta za pikseli mbovu ambazo ukizipiga nao zinapotea unapita. Mi mpaka leo naona lile ndo wazo kubwa kuliko yote kwenye gemu ile, kubwa kuliko bunduki.

Halafu kuna kile kidroni. Unakumbuka? Trace anakirusha, kinapita kwenye vitundu ambavyo yeye hapiti, kinakwangua, kinafungua njia, kikifa unarudi kwenye mwili wako. Kwa wachezaji wengi kilikuwa kifaa cha kutumia ukikwama tu.

Sasa shika hapo. Ya kwanza ilikuwa na bunduki katikati, na pembeni yake kuna mwale wa kuvuruga na droni. Ya pili imevichukua hivi viwili vya pembeni ikaviweka katikati, na bunduki ikaiweka chini. Ni kama mama ntilie uliyemzoea kwa samaki wake, siku unaenda unakuta samaki hamna, zile mboga alizokuwa anakuwekea kando ndo zimekuwa sahani nzima, na kazipika vizuri kweli. Aliyekuja kwa ajili ya samaki ataondoka na hasira, na aliyekuwa anaomba aongezewe mboga kila siku atasema leo ndo nimekula. Magomvi unayoyasoma chanzo chake ni hicho.

Tuingie ndani sasa. Axiom Verge 2 ilitoka tarehe 11 Agosti 2021, kwenye mashine za Switch na PS4 na duka la mtandaoni la Epic, halafu kwenye duka la Steam ikafika mwaka mmoja baadaye. Trace humkuti kama muhusika wako, unacheza Indra, mwanamke tajiri mwenye kampuni kubwa ya kidunia, anaenda Antaktika kufuatilia fumbo linalomgusa binafsi na anajikuta amevuka kwenda dunia nyingine. Na ile dunia sio mapango meusi ya nyama na mashine kama ya kwanza, kuna theluji, kuna milima, anga wazi, majani, magofu. Wengine walishtukia hapohapo, wakasema ile hali ya kuogopa na upweke imepotea. Kwangu upweke upo, ila ni upweke wa mtu aliye uwanjani peke yake mchana, sio wa mtu aliyefungiwa shimoni.

Mkononi unapewa shoka la kupandia barafu. Na hapa naomba niwe mkweli kabisa kwa sababu we umesema unapenda bunduki. Ya kwanza ilikupa risasi za kila aina, kuna ile Nova unairusha halafu unabonyeza tena inapasuka njiani, kuna Kilver inatoa umeme wa karibu unakula mtu mzima mzima, unabadilisha silaha kufuata adui na chumba. Ya pili unapiga kwa mkono. Shoka lina urefu mfupi, kwa hiyo lazima umsogelee adui, na ukimsogelea mara nyingi na yeye anakupata, mnabadilishana makofi tu mpaka mmoja alale. Unapata silaha nyingine baadaye ikiwemo ya kurusha inayorudi mkononi, na unapata pointi za kuongeza nguvu, lakini ule utamu wa kukaa mbali unahesabu risasi na kuruka katikati ya mvua ya risasi, haupo. Wanaolalamika kwamba kupigana kumedorora hawakosei hata kidogo, mi nawaunga mkono.

Mabosi ndo kabisa. Ya kwanza mabosi walikuwa wanajaza skrini, unaingia chumbani mlango unafungwa, huyu hapa Xedur, huna pa kwenda. Ya pili wakubwa wapo lakini karibu wote unaweza kuwapita ukaendelea na safari, na Happ aliifanya hivo kwa makusudi kabisa. Sasa kwa mchezaji ambaye bosi kwake ndo mtihani wa mwisho wa kila sehemu, gemu ya namna hii inamuacha anasubiri kitu ambacho hakiji. Afu ukifa unarudishwa ulipohifadhi mara ya mwisho na ulichookota unabaki nacho, kwa hiyo kufa hakuumi sana, na pigano lisilouma wala lisilolazimika watu wengi hawalikumbuki. Ndo maana ukisoma maoni ya ya kwanza watu wanataja mabosi kwa majina, ya pili sijaona mtu akifanya hivo.

Lakini sasa, mdogo wangu, angalia kilichowekwa badala yake.

Kwanza kudukua. Ule mwale wa kuvuruga umekua, sasa ni kazi ya akili. Unamkaribia roboti, unabonyeza, inafunguka menyu ndogo juu yake na machaguo kadhaa, kila moja lina gharama yake kwenye nguvu uliyonayo, unaweza kumfanya apunguze mwendo, unaweza kumfanya adondoshe uhai wa kukuponya, unaweza kumgeuza awe upande wako akapigane na wenzake. Kwa hiyo yule roboti anayekuzuia darajani, badala ya kubadilishana naye makofi kwa shoka, unamgeuza anakuwa mlinzi wako na we unapita zako. Milango nayo unaidukua. Mtu aliyeingia na mazoea ya Contra anapiga shoka masaa yote anasema kupigana ni kubovu, mwenzake kaelewa mapema kwamba gemu inamtaka afikirie kabla ya kupiga, huyo anaona kitu kingine kabisa. Wamecheza gemu moja, lakini vidole vyao vilikuwa kwenye vitufe tofauti. Hata hivyo sitetei kila kitu, kuna sehemu gemu yenyewe haikusukumi kudukua, inakuacha upite kwa shoka, na hilo ni kosa la muundo, kwa sababu kama kifaa ndo moyo wa gemu basi vyumba vya mwanzo vinatakiwa vikulazimishe ukijue.

Pili, na hapa ndo naipenda kuliko vyote, ni ile dunia ya pili ya ndani inayoitwa Breach.

Droni ya Indra ni muhusika kamili, ina stori yake, ina kikata chake kinachozunguka, baadaye inapata kamba ya kujivutia kwenye kuta, na ina uwezo wa kuingia Breach. Ukiingia tu skrini inabadilika, pikseli zinakuwa kubwa, rangi zinakuwa chache na kali, unakuwa kama umerudi kwenye mashine ya kaseti wakati huku nje kila kitu ni laini. Dunia hizi mbili zimelaliana. Yaani ukiwa nje umesimama mbele ya mwamba ambao huwezi kuupanda wala kuuvunja, unatafuta tundu la kuingilia, unaingia na droni, ndani unakuta ramani nyingine tofauti kabisa lakini mahali ulipo ni palepale, unatembea ndani kulia kiasi, unatafuta tundu la kutokea, unatoka, na sasa uko upande wa pili wa ule mwamba. Mwanzoni unafanya hivo kwa bahati. Baadaye unafungua ramani ya nje unaikazia macho, unafungua ya ndani, unazipandanisha kichwani, unajiambia kama huku kuna tundu hapa na kule kuna njia inayopita chini yake basi ile kona ya juu ambayo nimeishindwa tangu asubuhi inafikika. Na ukienda ikakubali, hamna bosi anayeweza kukupa raha ile. Mi nimecheza gemu nyingi za ramani kubwa na nakwambia kwa moyo mmoja, hii ni kati ya njia bora nilizowahi kuona za kumfanya mchezaji aisome ramani badala ya kufuata mshale.

Wazo la kuwa na miili miwili, mkubwa na mdogo, lina asili ndefu, gemu za 1988 kama Blaster Master zilikuwa nalo, una kifaru na una mtu anayeshuka kifaruni. Sasa hapa ule mwili mdogo ndo unaobeba gemu, na kuna kipindi katikati ambacho utautumia zaidi ya ulivyotegemea, sitasema kwa nini ili usiharibikiwe. Kuna waliochukia hicho kipindi vibaya sana, wanasema wamenyang'anywa muhusika wao. Mi nilikikubali kwa sababu droni ndo ina mwendo mzuri zaidi, ukipata ile kamba unaanza kuruka na kujivuta bila kugusa chini, na kwa gemu ya kuruka-ruka hilo ni jambo kubwa, mwendo ukiwa mtamu hata kurudi njia uliyopita hakuchoshi.

Muziki nao umegeuka. Ya kwanza ilikuwa midundo ya kompyuta inayochoma, ya pili imeingiza sauti ya mwimbaji Mayssa Karaa, Mlebanoni, na mapigo ya Mashariki ya Kati, kwa sababu stori yenyewe imejaa majina ya Wasumeri wa kale. Hapa sina la kubishana na mtu, weka hedifoni usikilize.

Malalamiko mengine nitayapita haraka. Stori inaenda kwa vidokezo na karatasi unazookota, usiposoma hutaelewa kitu, na mwisho wake unakuacha na maswali mengi, wanaosema umekatika ghafla nawaelewa. Alama za nini kinafunguka na nini hakifunguki hazionekani vizuri kwenye baadhi ya maeneo ya nje, kwa sababu mandhari imechorwa kwa vitu vingi, mara unapita mlango bila kuuona. Ila wanaosema sio gemu ya pili halisi kwa sababu Trace hayupo, hapo sikubaliani nao, Happ mwenyewe alisema unaweza kuanza na yoyote kati ya hizo mbili, stori ziko kwenye ulimwengu mmoja na ukicheza kwa makini utaona zinapogusana.

Na jambo la gemu ya pili kugawanya watu halijaanza leo, naomba ulijue hili kwa sababu litakusaidia kwa kila gemu utakayonunua mbele. Mario ya pili ya Japani ya 1986 ilikuwa ni ileile ya kwanza ila ngumu zaidi, ina mpaka uyoga wa sumu, na Nintendo ya Marekani haikuitaka. Wakachukua gemu nyingine kabisa ya 1987 iliyokuwa ya wahusika wengine, wakambandika Mario, ikauzwa Marekani 1988 kama Super Mario Bros. 2, unang'oa mboga ardhini unarushia maadui. Ya Japani watu wa nje waliipata rasmi 1993. Zelda ya pili ya 1987 ikageuka kuwa ya kutazama ubavuni na kupigana kwa upanga, na mpaka sasa watu wanagombana kuhusu hiyo. Kwenye hizi za juzi, Spelunky 2 ya 2020 ilibaki na muundo wa mwanzo ikaongeza vitu juu yake, watu wakasema ngumu mno, na Super Meat Boy Forever mwaka huohuo ikamfanya muhusika akimbie mwenyewe bila we kumsukuma, waliopenda ya 2010 kwa sababu ya kumshika yule jamaa kwa ncha ya kidole wakahisi wamenyimwa kile kitu hasa walichokijia. Mtengenezaji akirudia anaambiwa hana jipya, akigeuza anaambiwa ameharibu, kwa hiyo swali la kama kabadilisha halikusaidii sana. Jiulize kagusa kitufe kipi, na kitufe hicho kwako kina thamani gani.

Kwa hiyo ukisoma maoni ya mtu, tafuta anachosema kuhusu ya kwanza kwanza. Akisema alipenda mabosi na silaha, maoni yake kuhusu ya pili yachukue kama yako, maana mnafanana. Akisema alipenda kutafuta njia za siri na kugonga kila ukuta, huyo ni mtu mwingine. Steam inaonyesha pembeni ya kila maoni mtu kacheza masaa mangapi, iangalie hiyo namba. Gemu hii inachukua kama masaa kumi hivi kwa mtu asiyekimbia, na saa ya kwanza ndo dhaifu kuliko zote, ni theluji na shoka, droni haijaja, Breach haijafunguka, sasa mtu aliyeandika baada ya saa moja na nusu hajaigusa gemu yenyewe. Na we usije ukaingia kwenye mtego huohuo, Steam na Epic wote wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujazidi masaa mawili ya kucheza, na hayo masaa mawili yanaishia kabla hujaonja vizuri kinachoibeba.

Laptop yako kama iliendesha ya kwanza vizuri, sidhani kama hii itakusumbua, sio gemu inayodai mashine kubwa. Tafuta pedi ya kuchezea gemu hata ya bei rahisi, kibodi inawezekana lakini ile kamba ya droni kwenye kibodi inatesa vidole.

Kabla hujalipa fanya hivi. Fungua tena gemu ya kwanza pale ulipohifadhi, nenda kwenye eneo ambalo ulishalimaliza, uchukue ule mwale wa kuvuruga na kidroni tu, bunduki usiiguse, zunguka tafuta vitu ulivoviacha nyuma, na najua vipo, hakuna anayemaliza ile gemu mara ya kwanza akiwa kapata vyote. Ukiona saa imepita hujaangalia simu, subiri punguzo ununue na uicheze mpaka Breach ifunguke ndo uniandikie. Ukiona unachoka unatamani kupiga risasi, basi hela yako iweke, na niambie, nitakuandikia gemu tatu nne za mabosi na bunduki zitakazokufaa zaidi ya hii.